Usilibomoe Banda la Kuku

Mabweni ya Wafanyakazi,
Nyuma ya Kiwanda cha Matofali.
Jumapili, tarehe 9 Machi

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje? Natumaini ile dawa ya kuchua imesaidia na sasa unalala. Mimi ni mzima, ila mgongo unalalamika kwa kupakia matofali, na vidole vimekuwa vigumu hata kalamu inaniteleza. Usiuangalie mwandiko.

Jana Dada alinipigia simu. Anasema umeshaongea na mwashi, mnataka kubomoa banda la kuku mjenge kibanda cha gari langu. Nimemwomba amzuie mwashi mpaka barua hii ikufikie. Sababu sikumwambia. Nakwambia wewe kwanza.

Gari lile jekundu si langu, Shangazi. Ni la duka.

Siku niliyoingia pale, muuzaji alinipa kinywaji baridi, mimi na viatu vyangu vya vumbi. Akaniuliza, "Unanunua au unakodi, bosi?" Tangu nizaliwe sijaitwa bosi. Kwa kununua, mshahara wangu ungenipa kigari kikuukuu cha kunifikisha kazini. Kwa kukodi, ningeondoka na gari la mbio, jipya, linanukia ngozi, kwa miaka mitatu. Nikaona kigari kikuukuu hakitapendeza kwenye picha. Ndiyo hivyo tu. Nilitaka picha ya kukutumia.

Uliponiuliza, "Lako kabisa, mwanangu?" nikajibu, "Langu, Shangazi." Ukapiga vigelegele mpaka simu ikakwaruza. Sasa nasikia ile picha umeitundika sebuleni, kando ya marehemu Baba.

Na raha yenyewe sikuipata. Mkataba una kikomo cha kilomita, ukikipita, unatozwa. Basi kazini naenda kwa miguu, gari limefunikwa turubai. Jumapili naliosha, naketi ndani kidogo, natoka. Mchomeleaji ninayelala naye chumba kimoja alinunua mkweche, mlango umefungwa kwa kamba, lakini ni wake. Mvua ikinyesha ananibeba. "Panda, tajiri! Farasi wako bado kalala?"

Mwezi ujao miaka mitatu inakwisha. Nilimwuliza muuzaji kama sasa ni langu. Akacheka kwa adabu. Kumbe nilikuwa nalipia kulikalia tu. Nikilitaka, ndipo nianze kulinunua. Watalikagua mikwaruzo, watachukua ufunguo, nami nitarudi kwa miguu kama kawaida yangu. Ule msemo wa nguo ya kuazima unaujua. Mwisho wake sithubutu kumwandikia mkubwa wangu.

Mayai ya banda lile ndiyo yaliyonisomesha, mpaka nilipoacha shule kwa ukaidi wangu. Mayai nilishakula. Nisije nikala na banda.

Ishushe ile picha, tafadhali. Baba asikae karibu nayo. Ukitaka kunigombeza, nipigie, sitakata simu.

Nisalimie Dada na watoto, na Babu Miwani. Binamu Mdomo Mali naye msalimie, najua atanicheka wiki nzima. Mwache acheke, hii ni haki yake. Mungu akujalie goti jepesi na usingizi mzito.

Na kama mwashi ameniwahi, kibanda kimeshasimama, waingize kuku. Hao ni wako kweli.

Akupendaye, ingawa uso nimeuinamisha,
Mwanao,
Kichwa Ngumu