Mpitishe Shemeji Mlango wa Chini

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Hamjambo hapo nyumbani? Shemeji anaendeleaje na mzigo wake? Mimi mwili mzima, ila roho haitulii. Barua hii nimeianza na kuichana mpaka nimechoka.

Ya kwako imenifikia. Mapacha! Nilicheka peke yangu karakanani hadi mlinzi akachungulia. Kisha nikafika pale unaposema daktari anahofia watazaliwa kabla ya wakati, na kwamba kwa bima ya kazi yako mpya umeshamwekea shemeji chumba hapa hospitalini kwetu, ghorofa ya juu, penye mashine ya joto ya watoto njiti. Nikaketi.

Mashine hiyo naijua, fundi wake ni mimi. Ilifunikwa shuka jeupe, ikifutwa vumbi kila siku, ikisubiri wenye bima. Huku chini, wodi ya wote, mashine ya kwetu ilikufa hita, na akina mama wakawa wanawafunga vichanga vifuani kutwa nzima wapate joto. Mwenye homa je, amfungeje wake? Nikamwomba mkuu wa hospitali tuishushe. Akasema ya juu ni ya juu. Nikaomba hita mpya, akaniambia niwe mvumilivu, utadhani njiti ni mimi!

Basi nikajifanya naenda kuisafisha. Nikang'oa hita yake, nikaifunga kwenye ya chini. Ile ya juu ukiiwasha taa zinawaka, namba zinacheza, lakini joto ng'o! Nilijiambia wenye bima hawakosi pa kwenda. Kumbe mwenye bima ni wewe.

Niliposoma barua yako nilikamata bisibisi nikairudishe hita juu. Ndani ya mashine ya chini kalala kitoto cha kike. Mama yake akanishika mkono, akauliza kama imeharibika tena. Nikamwambia nafuta vumbi tu. Na nikafuta kweli, mjinga mimi.

Kesho namweleza mkuu mwenyewe, asije akalazwa mtoto wa mtu kule juu. Akinifukuza, potelea mbali. Ila wewe, nakuomba, usimpandishe shemeji. Mpitishe mlango wa chini, apange foleni na wenzake. Kasirika, nitukane, lakini mlete huku. Mashine ni moja, wa kwako wawili, na huyo binti bado yumo. Nimekaa nikaipima kwa macho. Watabanana, kaka, lakini wataenea.

Msalimie sana shemeji. Haya mwambie wewe, mimi sina uso.

Mdogo wako,
Bisibisi