Kilichoizima Tochi ya Mama

Kaka,

Tochi ya Mama ni nzima, msinunue nyingine. Jana ulipotia betri mpya zikawa zinacheza, ukazikaza kwa kikaratasi pale kwenye springi. Siku zote tunakaza kwa ile karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara, maana inapitisha umeme. Ya kawaida haipitishi; ikisogea kidogo tu ikaziba springi, tochi inazimika. Nimeibadilisha, inawaka. Springi ina kutu, mwambie wifi aisugue kwa msasa.

Na unajua nimekunjua nini humo? Tangazo langu la mkutano wa wapangaji, lile la kudai taa ya ngazi. Karatasi zote zilizomo nyumba hii, bwana mkubwa, ukaona hiyo.

Alfajiri Mama kateleza kwenye ngazi hiyohiyo, tochi imezimika mkononi. Hajaumia. Mwenye nyumba anaahidi taa tangu ile mara Mama alipoteguka mguu humo ngazini. Wewe umesahau, mimi sijasahau.

Natoka kugonga milango ya majirani. Mkutano ni leo jioni, uani.

~~Usije, umeshazoea giza.~~

Njoo, hata ukikaa nyuma. Mkishuka, mshike Mama mkono.

Dada yako