Baba wa Miaka Kumi na Mmoja

Tarehe 4 Machi

Mama yangu,

Natumaini barua hii inakukuta na afya, wewe na wajukuu wangu wawili huko kambini. Mimi mzima, ukiacha goti, na goti lina tabia zake tangu zamani. Ujue kwamba baba yako sasa ni msimamizi katika kiwanda cha kufulia nguo za hospitali. Nasimamia mashuka elfu moja kwa siku.

Haya, nisikudanganye sana, maana utawatangazia watu. Nayakunja. Kusimamia kwenyewe ni kwamba nakunja nikiwa nimesimama. Ni mpango wa serikali kwa sisi wageni walio chini ya miaka sitini: asubuhi kazi, mchana shule ya lugha. Mwalimu ni mtoto wa juzi, nikitaja kijiko ananipigia makofi. Wamenipa na chumba chenye mabomba mawili, la moto na la baridi. Siku ya kwanza nilijiunguza kwa ushamba.

Afisa wangu, mama mmoja mpole mwenye miwani ya kamba, anasema maombi yako ya kunifuata yameshaingia. Anza kuaga, ila kitanda usigawe bado.

Baba yako


Tarehe 29 Aprili

Baba, shikamoo.

Huku tunaendelea. Mdogo alikuwa na homa, sasa imeshuka. Pole na goti.

Maombi yamerudi. Karani alinisomea mbele ya foleni: mimi nina miaka arobaini na mmoja, baba yangu ana hamsini na miwili. Akaniuliza, "Dada, baba yako alikuzaa akiwa darasa la ngapi?" Foleni nzima ikacheka. Wanasema ama wewe si baba yangu, ama kuna mwongo kati yetu. Wametupa siku tisini tueleze, la sivyo faili linafungwa na sitaruhusiwa kuomba tena.

Baba, ninavyojua mimi una sitini na sita. Hiyo hamsini na miwili umeitoa wapi?

Mwanao


Tarehe 20 Mei

Mama yangu, marahaba.

Mpe mdogo pole. Karani mwambie ni darasa la nne, ndipo nilipoachia shule.

Siku nilipoandikishwa hapo kambini, watu walinong'ona kwamba nchi hizi zinachagua wenye nguvu. Nikajipunguzia miaka kumi na minne. Hiyo ndiyo sababu ya kusema mbele za watu. Sababu yenyewe ni yule dada mwandikishaji, mwenye mwanya. Nilipotaja umri alicheka vizuri, nami sikuona haja ya kumharibia siku.

Sasa nikisema ukweli nimeidanganya serikali. Kazi itakwenda, shule itakwenda, labda na chumba. Wapo waliorudishwa walikotoka kwa uongo mdogo kuliko wangu. Nimefikiri hivi: na wewe jipunguzie kumi na minne. Hesabu itakaa sawa, na sura unayo.

Baba yako


Tarehe 11 Juni

Baba, shikamoo.

Leo sitauliza goti.

Mwanangu wa kwanza ana miaka kumi na sita. Nikijipunguzia kumi na minne, na mimi nitakuwa nimezaa nikiwa na kumi na mmoja. Watasema ukoo mzima ni wa watoto.

Zimebaki siku arobaini na saba. Sitaandika tena mpaka uende ofisini.

Mwanao


Tarehe 26 Julai

Mama yangu,

U mzima? Wajukuu wazima? Najiuliza na kujijibu mwenyewe, maana umenyamaza kweli, kama marehemu mama yako akinuna.

Nimekwenda ofisini mara tatu. Mara ya kwanza nikasema bomba linavuja. Mara ya pili nikasema nimepita tu kusalimia. Leo nimekaa kwenye kiti, nikasema kwa lugha yao, "Mimi ni mwongo." Afisa akavua miwani. Nikadhani hajanielewa, nikarudia polepole. Akauliza kwa nini. Habari ya mwanya nikamweleza kwa vidole. Hakucheka. Akaandika mpaka chai yake ikapoa.

Kuanzia Jumatatu sina kazi wala shule, mtu wa sitini na sita hayumo kwenye mpango. Chumba ninacho mpaka waamue, na lini wataamua hakuna ajuaye. Ila faili lako halikufungwa. Limewekwa juu ya langu, yatasomwa pamoja. Likikataliwa moja, yamekataliwa yote mawili. Nimemuuliza afisa kama kuna matumaini, akasema hawezi kunidanganya. Nadhani alinisema.

Watakuita peke yako, na maswali yote yatakuwa juu yangu, waone kama tunajuana. Usinipambe hata kidogo. Mama, nimezeeka miaka kumi na minne asubuhi moja kwa ajili yako, nadhani nina haki ya kukuomba kitu kidogo. Wakikuuliza baba yako yukoje, waambie kila kitu, mgongo, meno, masikio. Upara utaje mwisho. Wakikukatiza kabla hujaufikia, usiwarudishe.

Baba yako