Uji Kwenye Chungu cha Mirija

Jumapili, Malaba. Mvua imenyesha tangu wakati wa ibada, sasa yamebaki manyunyu.

Ndugu yangu Onyango, Bwana asifiwe. Hujambo huko Osieko? Mgongo wako umepoa, au bado unaamka ukishika ukuta? Mama watoto na wale pacha wanaendeleaje? Sisi hapa tu wazima, tunakula, tunamshukuru Mungu.

Tulipoagana uliniambia kwamba mtu anayefundisha vijana mpira aandike kila juma yaliyomo moyoni mwake, kisha ampe mwenzake asome, kwa sababu moyo ukijisomea peke yake unajisifu tu. Basi hii ndiyo shajara yangu ya juma hili. Uisome polepole, mwandiko wangu unaujua.

Leo nina furaha. Lakini Jumapili iliyopita nilikaa kanisani kama mtu aliyefiwa.

Nianze hapo. Siku moja kabla tulikuwa tumecheza na wenzetu wa ng'ambo ya daraja, wale wa upande wa Uganda, hapa kwetu uwanja wa shule. Magoli yetu unayajua, miti miwili na mmoja wa juu, wavu hakuna. Mchezo umekaribia kwisha, hatujafungana, Wandera akaachia shuti. Wandera ni kijana wetu wa kutoka Bukhayo, Mkhayo kama mimi, utingo wa lori la saruji, na mguu wake wa kushoto ni kama teke la punda. Watu wakaruka. Kofia zikarushwa juu, akina mama wa ndizi wakapiga vigelegele. Refa, mwalimu wa shule wa kule Moding, alikuwa ameteleza kwenye tope na hakuona kitu. Akaja kwangu akijifuta magoti. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya mti wa goli.

Akaniuliza kwa upole, "Mzee, wewe umeona nini?"

Onyango, mpira ulipita nje. Ulipita karibu nami hata upepo wake niliusikia.

Nikasema, "Umepita nje."

Kabla watu wetu hawajamaliza kunizomea, wale wa ng'ambo waliuchukua mpira, wakaenda nao mpaka mbele, wakatufunga.

Kushindwa nimekuzoea. Ambalo sikulizoea ni lile lililofuata. Wandera alirusha viatu chini akasema mbele ya wote kwamba kocha ameuza goli lake. Kipa wetu, Ekisa, ambaye ni Mteso wa hapa hapa Malaba, akamwambia atulie, kocha hana tabia ya uongo. Ndipo Wandera akamgeukia. "Wewe lazima ufurahi," akasema, "si ni binamu yako aliyetufunga?"

Ni kweli, aliyetufunga ni binamu yake. Wateso wako huku na wako kule. Mto wa mpaka ulipita katikati ya ukoo wao bila kuwauliza. Lakini neno hilo kwa kipa aliyetoka kufungwa ni kisu. Ekisa alivua jezi, akaikunja vizuri, akaipeleka kwenye kibanda changu cha kushonea, akaiweka juu ya cherehani, akaenda zake.

Jumanne mazoezini vijana walikaa pande mbili, Wakhayo na matingo huku, Wateso kule, kama waumini wanaogombania mchungaji. Ekisa hakuja. Na Jumamosi hii inayokuja sisi ndio tunavuka daraja kurudiana nao. Wazee wa kamati wakanitumia neno kwamba timu ikivunjika kabla ya siku hiyo, watatafuta kocha anayejua kufunga mdomo.

Unajua kazi yangu. Nashona maturubai ya malori. Dereva anakuja na tundu dogo, namwambia lishonwe leo, kwa sababu akifika Eldoret upepo utakuwa umelifanya mlango. Na mpira wa timu naushona mimi mwenyewe kwa uzi ule ule. Hivyo ndivyo nilivyojaribu kuishi na vijana. Aliyekosa goli simtukani. Aliyelewa simfukuzi, namwambia arudi kesho akiwa amelala. Tukiomba kabla ya mchezo, simwombi Mungu atupe ushindi, maana hata wale wa upande wa pili wameomba. Namwomba turudi na miguu yetu na urafiki wetu.

Sasa miguu ipo, urafiki haupo.

Nilijiuliza mengi juma hili nikikanyaga cherehani. Je, niliusema ukweli kwa sababu ya Mungu, au kwa sababu napenda watu waseme yule mzee hadanganyi? Na kama ukweli wangu umewatenga vijana, nitaushonaje?

Jumatano akaja Mzee Emojong, mjomba wake Ekisa. Akakaa kwenye kigoda changu bila kukaribishwa, kama kawaida yake. Akaniambia watu waliotoleana maneno ya namna hiyo hupatanishwa kwa chungu kimoja. Hata ninyi Wakhayo mnafanya hivyo, akasema, na ni kweli, marehemu baba yangu alipatana na jirani yake hivyo hivyo, chungu katikati, watu wamekizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu. Akasema yeye atatoa pombe ya wimbi, mimi nilete vijana.

Nikamkumbusha kwamba tangu nimeokoka pombe siigusi. Nikasema nitakaa pembeni niwaombee.

Akajikuna kidevu. "Kocha," akasema, "wewe ukikaa pembeni, hao watakuwa wamekunywa pombe tu. Hawatakuwa wamepatana."

Neno hilo lilinikaa moyoni. Yeye alikuwa na hoja, na mimi nilikuwa na nadhiri. Nikaomba pale pale, sindano mkononi, na nikaona nimepewa jibu. Nikamwambia, tuweke chungu, tuweke mirija, tukae kama mila inavyotaka, lakini ndani tutie uji wa wimbi. Nafaka si ni ile ile ya wimbi?

Mzee Emojong akainuka kwenye kigoda. Akasema, "Sawa, wewe ndiye kocha."

Nilipomwambia mke wangu, Mama Nekesa, apike uji mzito, wa heshima, akaniuliza tutaunywa na nini. Nikamjibu kwa mirija. Mama Nekesa akafungua mdomo, akaufunga, akaenda kutafuta kuni.

Alhamisi alasiri vijana wakaja nyumbani kwa Mzee Emojong, wote. Wandera alikuja kwa sababu lori lao lilikuwa linasubiri karatasi mpakani. Ekisa aliletwa na mjomba wake. Mzee akawakalisha bega kwa bega, maana ndiyo desturi, waliokosana wakae karibu. Hawakutazamana. Chungu kikawekwa katikati kikifuka moshi. Nikaomba kwa kifupi. Tukaingiza mirija.

Onyango, wewe uliyewahi kunywa kabla ya kuokoka unajua, mimi sikujua. Mrija ule una kichujio kidogo mwishoni, kazi yake kuzuia makapi. Sasa uji mzito utapitaje hapo?

Nilivuta. Hakuna kitu. Nikavuta tena mpaka masikio yakaziba. Nikainua macho, nikawaona wenzangu wote wamebonyea mashavu, wametulia, wananyonya kwa heshima. Mzee Emojong alikuwa amefumba macho kabisa kama mtu anayesikia utamu. Mmoja hata alisema, "Aah." Nikajiambia, ni mimi tu nisiyejua, kwa kuwa sikuzoea vyungu.

Basi nikafanya kosa ambalo mtoto wa Kiteso hakanywi mara mbili. Nilipuliza.

Kupuliza ndani ya chungu cha watu ni aibu kubwa, uwe Mteso au Mluhya kama sisi Wakhayo. Nami nilipuliza kwa pumzi ya mtu anayejaza mpira. Uji ulitoa mlio wa ng'ombe akitoa mguu kwenye matope, ukaruka juu, ukatua kwenye uso wa Wandera na koti la Mzee Emojong.

Nilitamani turubai linifunike. Mzee Emojong akatoa mrija wake polepole, akautazama mwisho wake, akasema, "Kocha, tangu tukae hapa mimi sijaonja hata tone."

Wandera akajifuta uji kwenye nyusi. "Na mimi nilikuwa nameza mate," akasema.

Kumbe wote. Hakuna aliyekuwa amekunywa, na kila mmoja alikuwa akinyonya kwa bidii ili mwenzake asione. Yule wa "Aah" tuliambiana tutamkumbuka kwa jina hilo mpaka azikwe. Walicheka, Onyango. Mzee mzima alishika tumbo akaegemea ukuta. Mimi nilicheka mpaka nikalia, na sehemu ya machozi yale haikuwa ya kicheko.

Nikasikia Wandera akimwuliza Ekisa, bila kumtazama, "Na huyo binamu yako wa ng'ambo, angeunywa?"

Neno lilikuwa lile lile la kisu.

"Angesema umekolea," Ekisa akajibu.

Wandera akampiga bega. Pale nilijua tundu limeanza kushonwa.

Nilipoinua kitambaa cha kikapu ambacho mke wangu alinipa, nikidhani ni mihogo, nikakuta vikombe. Vya kutosha kila mtu. Wandera ndiye aliyechota kikombe cha kwanza akampa Ekisa kwa mikono miwili, akamwambia kwamba lile neno la uwanjani lilikuwa la hasira na analirudisha. Ekisa akanywa, akamrudishia kikombe, naye akanywa. Halafu kipa wangu akaniuliza jezi yake iko wapi. Nikamwambia ipo, na kwapa lililokuwa limeachia nimelishona siku ile ile.

Nimelala vizuri tangu Alhamisi.

Nilidhani kitakachowaunganisha ni nadhiri yangu au mila ya mzee, kumbe Mungu alitumia ujinga wangu. Siku ile uwanjani nilikuwa peke yangu kusema nilichokiona. Chunguni nami nilikuwa nikidanganya pamoja na wengine, ila nilikosa pumzi ya kuendelea. Hilo linaninyenyekeza. Nimeamua kuendelea kusema ukweli, lakini nisiwatazame vijana kama mimi ni mweupe na wao ni weusi wa moyo.

Jana mazoezini walichanganyika, ukipiga filimbi hujui nani ni wa wapi. Kamati bado hawajasema neno jingine. Kama watanitoa, sawa. Kama tutafungwa kule ng'ambo, sawa pia, ingawa ningependa tusifungwe, nisikudanganye.

Tulipomaliza, Wandera alibaki akifungua kamba za viatu. Akaniuliza, "Kocha, Jumamosi mpira ukipita nje tena, na refa akuulize, utasema?"

Nikamwambia, "Nitasema, mwanangu."

Alizifunga tena zile kamba. Kisha akauchukua mpira, akautua chini, akarudi nyuma hatua chache.

"Basi ngoja nijifunze kuupitisha ndani," akasema, na akapiga mpaka giza likaingia, Ekisa akiwa golini.

Ndugu yangu, tuombee Jumamosi. Na tafadhali unijibu mapema, umpe barua dereva yeyote wa lori la samaki, watanipata hapa kwenye cherehani.