Bawaba za Gari la Baba

Jumatatu, tarehe 4 Agosti
Pini ya bawaba ya juu haijatoka. Mafuta ya kulegeza kutu alfajiri, nyundo hadi saa sita. Siku ya tano. Mlango wa kulia umeshuka, haufungi, na bila kuung'oa hauwezi kunyooshwa. Kaka yangu Zakaria anaumwa mapafu huko Muyinga. Binti yake, Spesi, alinipigia simu: atakubali kurudi kwetu Gitega kwa gari la baba yetu tu, katika kiti cha kulia. Hatujasemezana tangu mazishi ya mama. Mkaidi. Sisi sote wawili.

Jumanne, tarehe 5
Fundi Hamisi alikuja na moto wa gesi. Pini haikusogea. Nikampokonya nyundo, nikapiga mwenyewe hadi mkono ukafa ganzi. Akacheka: «Muzee, unapiga chuma ao unapiga hasira?» Alisema kweli.

Jumatano, tarehe 6
Lazima nimwulize Zakaria kuhusu pini hizi. Miaka niliyokuwa ukimbizini Tanzania, nikifundisha shule, yeye ndiye aliyebaki na gari. Lakini mdogo aliyekosana na mkubwa haendi mikono mitupu, wala hamwulizi kwa simu. Jirani amekamua ndizi. Pombe itaiva keshokutwa. Nimepiga nyundo tena. Bure.

Alhamisi, tarehe 7
Pombe bado. Nyundo. Bure. Spesi anasema baba yake hali chakula tena.

Ijumaa, tarehe 8
Muyinga, kwa basi, na kibuyu mapajani. Zakaria amekonda, amekwisha. Alichovya midomo tu, kisha akanishika mkono. Nikamweleza. Alicheka mpaka kikohozi kikamkata.
«Siku nane, mwalimu! Pini nilizigonga ncha mwenyewe, zikawa na vichwa juu na chini, wezi wasiubebe mlango. Kwangua lami niliyopaka juu yake, utaviona.»
Angeniambia hayo kwa simu siku ya kwanza. Nilisubiri pombe ambayo hawezi kuinywa.

Jumamosi, tarehe 9
Chini ya lami, vichwa, kama alivyosema. Hamisi alivikata kwa msumeno. Pini zote mbili zilitoka. Nilifurahi kwa muda wa kumeza mate. Kisha mlango ukaanguka pamoja na kipande cha nguzo ya gari inayoushika. Lami ilificha uozo. Nyundo yangu ilimalizia kazi. Hamisi alitia kidole katika tundu, chuma kikamong'onyoka. «Apa akuna kitu ya kushika, muzee.» Hakucheka.

Jumapili, tarehe 10
Spesi alipiga simu kabla ya ibada. Zakaria amefariki alfajiri. Aliuliza jana jioni kama gari limeanza safari. Spesi alimjibu kwamba limeanza.
Sikwenda kanisani.

Jumatano, tarehe 13
Tulimzika jana, kijijini kwetu Itaba. Aliletwa kwa gari la kukodi, nyuma, chini ya turubai.
Mvua hakuna. Mlango umeegemea ukuta. Nimefungua bawaba, nikazisafisha kwa mafuta ya taa, nikazitia pini mpya alizochonga Hamisi. Zinazunguka bila sauti, kwa kidole kimoja. Nimezifunga katika kitambaa, nikaziweka kabatini.