Malachie Syauswa, Aliyefuata Mwanga Ndani ya Povu

Mwaka mmoja umetimia, kaka yangu mkubwa, Yaya Malachie, tangu malaria ikuondoe kwetu hapa Bungulu, siku zile vita vilipofunga barabara ya Butembo na dawa zikakosa kupita.

Ulikuwa umekuja kumwona mama tu. Huko Ulaya, katika maabara ulimofanya kazi, wewe na wenzako mlikuwa mkipiga miali mikali ya mwanga kwenye povu jepesi kuliko pamba. Ulitaka kuona jinsi miali hiyo inavyosonga ndani yake ikinyang'anya atomu elektroni zao, kama nyota changa zinavyofanya kwa mawingu ya gesi yanayozizunguka. Mezani ulitueleza hivi: moto ukila majani makavu shambani, kuna mstari kati ya palipoungua na pasipoungua bado. Wewe ulikuwa unaufuata mstari ule. Ulieleza mpaka tonge la fufu likapoa mkononi mwako, na mke wako Emérence akalalamika kwamba chakula chake hakiwezi kushindana na nyota.

Mama aliogopa. Akauliza kama mionzi ile haikubaki mwilini mwako.

"Mama," ukamjibu, "ukizima taa, mwanga inabaki mu nyumba?"

Akacheka, akakuongezea mboga ya sombe.

Majirani hawakusikia jibu lile. Dawa ya malaria uliyokuja nayo uliwagawia watoto wao mpaka ikaisha. Ulipougua wewe, kopo lilikuwa tupu. Kisha siku ya kukuzika wakasema mwili wako una mionzi, itamrukia atakayegusa jeneza. Hakuna aliyeleta hata kuni kwenye matanga. Tulikubeba sisi wa nyumba, pamoja na Djuma, dereva wa lori, Mwislamu, aliyeweka bega lake bila kuuliza kitu.

Yaya, nilitaka kuandika hapa majina ya wote waliojifungia ndani. Mama akanikatalia.

"Hapana, Esdras. Baliogopa tu. Ubaite bakule."

Basi tunawaita. Jumamosi, baada ya misa ya asubuhi, maharagwe yatakuwa tayari nyumbani. Mama amesema hatagusa sahani yake kabla majirani hawajaketi.

Tunaokulilia: mama yako Anne-Marie, mke wako Emérence, binti yako Bénie, rafiki yako Djuma, na mimi mdogo wako, Esdras.

Daima tutakukumbuka, Yaya. Jumamosi tusikukumbuke peke yetu.