Ni Moyo Tu Haijui

Shikamoo Baba! Soma hii ukiwa umekaa. Baridi ya Machakos inang'ata masikio, lakini kwa furaha niliyo nayo leo hata siisikii.

Tulikuwa na mgonjwa, mzee mchonga vinyago wa Wamunyu, mwenye sukari ya miaka mingi, aliyekuja kukatwa kidole cha mguu. Wauguzi walimsifu ujasiri: mapigo yake ya moyo yalikuwa yametulia tu. Mimi, wa kumpa usingizi, nikashuku, nikamwomba asimame. Presha ikashuka, akayumba, na mapigo, badala ya kwenda mbio, yakabaki yale yale! Akaninong'oneza, "Mimi niko na uoga mingi, daktari. Ni moyo tu haijui."

Hapo nikajua sukari imekula mishipa ya fahamu ya moyo. Gesi ya usingizi ingeangusha presha, na moyo usijitetee. Nikatanguliza dripu, nikampa gesi kidogo kidogo. Presha ilishuka kweli, ikanikuta tayari! Alipoamka akaomba uji.

Baba, nawe una sukari, na ulipokanyaga msumari usisikie maumivu, tulikusifu ujasiri. Nenda ukapimwe presha na mapigo, ukiwa umekaa, kisha ukiwa umesimama. Na kwenye mswala, inuka polepole. Moyo wangu huku unaenda mbio kwa ajili yetu sote wawili.

Mwanao, Zuhura